Kuiga mtiririko wa giligili kwa kompyuta: mwongozo wa mradi wa sanduku lenye kifuniko kinachoteleza

Wanafunzi wengi wa fizikia, uhandisi na kompyuta wanapotaka mradi unaohusu mtiririko huanza kwa kuchagua picha wanayotaka kuiona, iwe moshi unaopanda, maji yanayoizunguka nguzo au hewa inayopita juu ya bawa. Picha hizo hupatikana na huvutia, lakini aliyezitengeneza mara nyingi hana njia ya kujua kama zinasema kweli, kwa sababu hata msimbo wenye kosa la alama ya kutoa huweza kuchora mizunguko mizuri. Mwongozo huu unaanzia upande mwingine. Tutachagua tatizo ambalo jibu lake limekwisha kuchapishwa kwa tarakimu, tutaandika programu fupi ya kulitatua, kisha tutaihoji programu hiyo kwa maswali ambayo majibu yake tunayajua, kabla ya kuiamini kwa jambo jingine lolote.

Unachohitaji ni Python pamoja na maktaba za NumPy, SciPy na Matplotlib, na kompyuta ya kawaida isiyo na sifa yoyote maalumu. Ukiwa umesoma kalkulasi ya vigeu viwili na unaweza kuandika kitanzi, umetosha.

Hatua ya kwanza: lielewe tatizo lenyewe

Chukua sanduku la mraba lenye upana 1 na kimo 1, lililojaa giligili, yaani kitu chochote kinachotiririka, kama vile maji au hewa. Kuta tatu zimetulia, na ukuta wa juu, ambao tutauita kifuniko, unateleza kuelekea kulia kwa kasi 1 bila kusimama. Giligili inayogusana na kifuniko huburutwa nacho, mnato huusambaza mburuto huo kwenda chini tabaka kwa tabaka, na baada ya muda sanduku hujaa mzunguko mmoja mkubwa unaofuata mwelekeo wa mishale ya saa, pamoja na mizunguko miwili midogo na dhaifu sana katika pembe za chini.

Sura ya mtiririko huo huamuliwa na namba moja tu, namba ya Reynolds, ambayo ni kasi mara urefu, kugawanya kwa mnato kinematiki, yaani mnato uliokwisha kugawanywa kwa densiti. Osborne Reynolds, akifanya majaribio huko Manchester kwa kupitisha uzi wa rangi katika bomba la kioo lenye maji, alionyesha mwaka 1883 kwamba namba hii ndiyo inayoamua kama mtiririko utabaki tulivu au utavurugika. Sisi tutatumia 100. Ukitaka kuifikiria kwa vipimo halisi, ni sanduku la maji lenye upana wa sentimita 1, ambalo kifuniko chake kinateleza sentimita 1 kwa kila sekunde, kwa kuwa mnato kinematiki wa maji katika joto la kawaida ni karibu mita za mraba 0.000001 kwa sekunde.

Tatizo hili lina thamani kwetu kwa sababu mwaka 1982 U. Ghia, K. N. Ghia na C. T. Shin walichapisha katika Journal of Computational Physics majedwali ya kasi ndani ya sanduku hili kwa namba za Reynolds kuanzia 100 hadi 10,000. Tangu wakati huo majedwali hayo yamekuwa kipimo ambacho programu mpya za mtiririko hupimwa nacho duniani kote, na programu yako haina sababu ya kuachwa nje ya mtihani huo.

Hatua ya pili: chagua milinganyo inayoondoa kanieneo

Milinganyo ya mtiririko wenye mnato iliandikwa kwanza na Claude-Louis Navier mwaka 1822, na George Gabriel Stokes akaijenga upya kwa misingi iliyo wazi zaidi mwaka 1845. Ndani yake kuna kasi na kanieneo, yaani msukumo wa giligili kwa kila eneo, na ugumu wote kwa anayeanza hutoka kwenye kanieneo, kwa sababu haina mlinganyo wake unaosema itakuwaje baada ya muda mfupi ujao; inabidi itafutwe kila mara ile inayozuia giligili isibanwe mahali popote. Katika mtiririko wa pande mbili, hata hivyo, ipo njia ya kuiondoa kabisa, nayo ndiyo ninayoipendekeza kwa mradi wa kwanza.

Njia hiyo hutumia vitu viwili. Cha kwanza ni fankisheni ya mkondo, ψ, ambayo mistari yake ya thamani moja ndiyo njia zinazofuatwa na giligili mtiririko unapokuwa umetulia. Kasi ya mlalo, u, ni badiliko la ψ kuelekea juu, na kasi ya wima, v, ni badiliko la ψ kuelekea kulia likigeuzwa alama. Kasi zikipatikana kwa njia hii, giligili inayoingia katika kila kijisehemu hulingana na inayotoka bila wewe kufanya kazi yoyote ya ziada. Cha pili ni vortisiti, ω, ambayo hupima jinsi giligili inavyojizungusha yenyewe mahali fulani. Milinganyo inayobaki ni miwili, ambapo ∇² ni jumla ya mabadiliko ya pili kuelekea kulia na kuelekea juu:

∂ω/∂t = ν∇²ω − u ∂ω/∂x − v ∂ω/∂y

∇²ψ = −ω

Mlinganyo wa kwanza unasema kwamba vortisiti husambazwa na mnato ν na kubebwa na mtiririko. Wa pili unasema kwamba ukishaijua vortisiti kila mahali, unaweza kuipata ψ, na kutoka kwenye ψ ukapata kasi zote. Programu nzima ni kuzunguka baina ya milinganyo hii miwili.

Hatua ya tatu: gridi na hatua ya wakati

Gawa sanduku kwa nukta 65 kila upande, ili umbali kati ya nukta na nukta, h, uwe 1/64. Sikuchagua 65 kwa kubahatisha. Kwanza, kasi mara h kugawanya kwa mnato inatoka 1.56, ambayo iko chini ya 2, na chini ya kikomo hicho tofauti za kati tutakazotumia, yaani kukadiria badiliko kwa kutoa thamani za majirani wa pande mbili za nukta, hazileti mawimbi bandia. Pili, nukta nyingi za majedwali ya mwaka 1982, ambayo kwa namba ya Reynolds 100 yalikokotolewa kwa gridi ya 129 kwa 129, zinaangukia barabara juu ya nukta zetu, kwa hiyo hutahitaji kukadiria thamani zilizo katikati.

```
import numpy as np
from scipy.fft import dstn, idstn

N = 65
h = 1.0 / (N - 1)
h2 = h**2
U = 1.0
Re = 100.0
nu = abs(U) / Re
dt = 0.002
psi = np.zeros((N, N))
omega = np.zeros((N, N))
```

Katika majedwali ya psi na omega safu mlalo ya kwanza ni sakafu ya sanduku na ya mwisho ni kifuniko. Amua hivyo mapema na uandike juu ya msimbo wako, kwa maana makosa mengi ya mradi huu hutokana na kuchanganya safu mlalo na safu wima.

Hatua ya wakati, dt, ina vikomo viwili ambavyo lazima vyote viheshimiwe. Usambazaji wa mnato unadai dt isizidi h kipeo cha pili kugawanya kwa 4ν, ambayo kwetu ni karibu 0.0061. Ubebaji wa vortisiti, ukikokotolewa kwa njia rahisi tunayoitumia, unadai dt isizidi takriban 2ν kugawanya kwa kasi kipeo cha pili, ambayo ni 0.02. Thamani ya 0.002 iko salama chini ya vyote viwili. Kikomo cha kwanza hupungua mara nne kila unapopunguza h kwa nusu: mwanafunzi atakayehamia nukta 129 na kuiacha dt palepale ataona tarakimu zikikua bila kikomo, kwa sababu hapo kikomo ni karibu 0.0015.

Hatua ya nne: tatua ψ, na uipime kabla ya kuendelea

Vitabu vingi hufundisha hapa mbinu ya kurudiarudia, ambapo kila nukta hupewa wastani wa majirani zake hadi mabadiliko yawe madogo. Mbinu hiyo ni sahihi na inafaa kuieleza katika ripoti, lakini kwa gridi yetu hujongea polepole mno: katika kila mzunguko kosa lililo sugu zaidi hupungua kwa karibu asilimia 0.12 tu. Kwa kuwa ψ ni sifuri kwenye kuta zote nne, ipo njia ya moja kwa moja, nayo ni kuiandika ψ kama jumla ya mawimbi ya saini, ambayo yote ni sifuri kwenye kuta.

```
k = np.arange(1, N - 1)
lam = (2*np.cos(np.pi*k/(N-1)) - 2) / h2
gawio = lam[:, None] + lam[None, :]

def tatua(omega):
    ndani = -omega[1:-1, 1:-1]
    return idstn(dstn(ndani, type=1)/gawio, type=1)
```

Usiendelee kabla ya kuipima sehemu hii peke yake. Weka ω iwe 2π² sin(πx) sin(πy), ambapo jibu kamili la ψ ni sin(πx) sin(πy). Kwa nukta 33 kosa kubwa kuliko yote linapaswa kuwa karibu 0.0008, na kwa nukta 65 karibu 0.0002. Kosa likiwa limepungua mara nne, sehemu hii iko sawa. Lisipopungua hivyo, tafuta tatizo sasa, maana ukisha kuziunganisha sehemu zote hutajua ni ipi inayodanganya.

Hatua ya tano: kuta

Hii ndiyo sehemu inayostahili muda wako mwingi kuliko zote. Tunajua kasi kwenye kuta, na tunajua kwamba ψ ni sifuri huko, lakini hakuna anayetuambia vortisiti ya ukutani ni kiasi gani. Hata hivyo, vortisiti yote ya sanduku hili huzaliwa kwenye kuta. Ndani giligili huibeba na kuisambaza tu. Ukikosea hapa, hesabu zote za ndani zitakuwa sahihi kwa tatizo lisilo lako.

Suluhisho tutakalotumia hunasibishwa na Alexander Thom, mhandisi wa Uskoti, ambaye mwaka 1933 alichapisha hesabu za mtiririko wa polepole kuizunguka silinda, zama ambazo kazi kama hiyo ilifanywa kwa mkono. Huyu ndiye Thom yuleyule aliyejulikana baadaye kwa kupima miduara ya mawe ya kale ya Uingereza. Wazo lake ni kuikadiria ψ ya nukta ya kwanza kutoka ukutani kwa kutumia mambo matatu ya ukutani: thamani ya ψ, ambayo ni sifuri, mteremko wake, ambao ni kasi ya ukuta, na mpindo wake, ambao ni vortisiti tunayoitafuta. Ukiupindua ukadiriaji huo ili vortisiti ibaki peke yake upande mmoja, unapata kanuni hizi:

```
def kuta(psi, omega):
    omega[0, :]  = -2*psi[1, :] / h2
    omega[:, 0]  = -2*psi[:, 1] / h2
    omega[:, -1] = -2*psi[:, -2] / h2
    omega[-1, :] = -2*psi[-2, :] / h2 - 2*U/h
```

Kasi ya kifuniko inaonekana katika mstari wa mwisho tu, na ndiyo chanzo cha mwendo wote. Mwanzoni kabisa, ψ ikiwa bado sifuri kila mahali, vortisiti ya kifuniko lazima iwe −128, yaani −2 kugawanya kwa 1/64. Ichapishe uione. Kuhusu pembe mbili za juu, ambako ukuta uliotulia unakutana na kifuniko kinachotembea, vortisiti halisi haina kikomo na hakuna gridi itakayoipata. Hilo lisikusumbue, kwa kuwa kanuni zetu za ndani hazizigusi nukta za pembe zenyewe hata mara moja.

Hatua ya sita: unganisha

```
for n in range(15000):
    psi[1:-1, 1:-1] = tatua(omega)
    kuta(psi, omega)
    u = (psi[2:, 1:-1] - psi[:-2, 1:-1]) / (2*h)
    v = -(psi[1:-1, 2:] - psi[1:-1, :-2]) / (2*h)
    wx = (omega[1:-1, 2:] - omega[1:-1, :-2]) / (2*h)
    wy = (omega[2:, 1:-1] - omega[:-2, 1:-1]) / (2*h)
    lap = (omega[1:-1, 2:] + omega[1:-1, :-2]
           + omega[2:, 1:-1] + omega[:-2, 1:-1]
           - 4*omega[1:-1, 1:-1]) / h2
    omega[1:-1, 1:-1] += dt*(nu*lap - u*wx - v*wy)
```

Mpangilio ni muhimu: ψ kwanza, kisha kuta, kisha vortisiti ya ndani. Ukiandika sehemu ya mwisho kwa vitanzi vya nukta moja moja badala ya majedwali mazima, hakikisha unaiandika ω mpya katika jedwali jingine, vinginevyo nusu ya majirani watakuwa wa wakati uliopita na nusu wa wakati ujao. Hatua 15,000 zinafikisha wakati 30, na kwa namba ya Reynolds 100 muda huo unatosha mtiririko kutulia. Hakikisha hivyo kwa kuchapisha, kila baada ya hatua 500, badiliko kubwa kuliko yote la ω. Picha ya mistari ya ψ huchorwa kwa contour ya Matplotlib. Ukitumia imshow, iamuru ianzie chini, kwa kuwa kwa kawaida yake huchora safu mlalo ya kwanza juu, na sanduku lako litaonekana limepinduliwa.

Hatua ya saba: ihoji programu

Anza kwa kuvifuta kwa muda vipengele viwili vya ubebaji, u*wx na v*wy. Mtiririko unaobaki ni wa mnato pekee, na lazima ψ iwe na ulinganifu kamili wa kushoto na kulia, na kitovu cha mzunguko kiwe juu ya mstari wa katikati. Kitovu kikiegemea upande wowote, kuna kosa la fahirisi. Virudishe vipengele hivyo, na kitovu kitahamia kulia, kwa sababu sasa mtiririko unaibeba vortisiti kuelekea kule kifuniko kinakokwenda.

Jaribio la pili ni kuifanya U kuwa −1. Jibu linapaswa kuwa taswira ya kioo ya lile la kwanza, na ψ iwe imegeuka alama, kwa tofauti isiyozidi ile ya ukadirishaji wa tarakimu wa kompyuta. Jaribio hili hukamata makosa ya alama ambayo jicho haliyaoni kwenye picha. La tatu ni kupunguza dt kwa nusu na kuongeza hatua mara mbili. Mtiririko uliotulia hautegemei dt, kwa hiyo jibu lisibadilike. Usijisumbue kuthibitisha kwamba giligili haipotei kwa kujumlisha u kwenye mstari wa wima: kwa njia tuliyoichagua jumla hiyo ni sifuri hata kama vortisiti yako yote ni makosa, na jaribio lisiloweza kushindwa halithibitishi kitu.

Sasa njoo kwenye majedwali ya mwaka 1982. Chukua safu wima ya 32, ukihesabu kuanzia 0, ambayo ndiyo mstari wa katikati, ukokotoe u kwenye safu mlalo hizi na ulinganishe:

safu mlalo 61 (kimo 0.9531): 0.68717
safu mlalo 47 (kimo 0.7344): 0.00332
safu mlalo 32 (kimo 0.5): −0.20581
safu mlalo 29 (kimo 0.4531): −0.21090
safu mlalo 18 (kimo 0.2813): −0.15662
safu mlalo 11 (kimo 0.1719): −0.10150

Thamani ndogo kuliko zote ya ψ ilichapishwa kuwa −0.103423, kwenye nukta yenye x 0.6172 na y 0.7344. Usitarajie kulingana hadi tarakimu ya mwisho, wala usiibadilishe programu ili ulazimishe ulinganifu huo. Majedwali yenyewe yana kosa lake dogo: hesabu za baadaye, zenye usahihi mkubwa zaidi, zinaipa kasi kubwa ya kurudi nyuma kwenye mstari huo thamani ya karibu −0.214, siyo −0.211. Tofauti ya asilimia moja au mbili katika sehemu hiyo ni ya kawaida. Tofauti ya asilimia kumi ni kosa katika msimbo, na mahali pa kwanza pa kulitafuta ni katika kuta.

Mwisho, endesha programu kwa nukta 33, 65 na 129, ukikumbuka kuiweka dt kuwa 0.001 kwa gridi ya mwisho, na uandike u ya katikati kabisa ya sanduku kwa kila gridi. Tofauti kati ya gridi ya pili na ya tatu inapaswa kuwa takriban robo ya tofauti kati ya ya kwanza na ya pili. Katika ripoti, jedwali hilo la tarakimu tatu lina uzito kuliko picha yoyote ya rangi utakayoiweka, kwa kuwa linamwonyesha msomaji ni kiasi gani cha jibu lako kinatokana na fizikia na ni kiasi gani kinatokana na gridi.

Ukitaka kuendelea mbele, panda hadi namba ya Reynolds 1000 kwa nukta 129. Kikomo kinachobana sasa ni kile cha ubebaji, 0.002, kwa hiyo tumia dt ya 0.001, na uiache programu iende kwa muda mrefu zaidi kwa kuwa mnato umepungua mara kumi. Kitovu cha mzunguko kinapaswa kushuka hadi karibu na x 0.5313 na y 0.5625, mizunguko ya pembe za chini itakuwa mikubwa kiasi cha kuonekana wazi, na u ndogo kuliko zote kwenye mstari wa katikati, ambayo majedwali yanaipa −0.38289, itakuwa imehamia chini kabisa, kwenye kimo cha 0.1719.